Kukata Tamaa: Historia ya Elimu ya Dhiki na Hamu katika Rika la Balehe

Kiswahili kina msemo ambao sisi wafasiri huupitia kila siku bila ya kuukagua. Mtu aliyeshindwa na maisha twasema amekata tamaa. Tamaa hii hii, ambayo katika mashairi ya wasia hutajwa kama adui wa mja, hapa imegeuka kuwa uzi unaomshikilia mtu na dunia yake. Ukikatika, hashughulishwi tena na chakula, wala mchezo, wala masomo, wala kesho. Lugha imekwisha kutoa hukumu kwamba mwisho wa dhiki ni kufa kwa hamu. Elimu ya ubongo ilihitaji karibu karne nzima kuifikia hukumu hiyo, na ilipoifikia ilikuta kwamba uzi huo huwa mwepesi zaidi kukatika katika miaka iliyo baina ya utoto na utu uzima.

Nimeona inafaa kuisimulia historia hiyo katika kurasa hizi za ushairi na insha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kijana mmoja katika kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana maradhi ya akili ya namna fulani. Na uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulionesha kwamba katika watu wanaopatwa na maradhi hayo maishani, nusu yao huwa wameshaanza kuugua wafikapo miaka 14. Sababu ya pili ni kwamba hukumu tunayoitoa juu ya vijana hawa huanza na jina tunalowapa, na majina ni kazi yetu sisi wa kalamu. Kijana anayeamka jua limepanda, aliyeuacha mpira alioupenda, asiyejali kufaulu wala kufeli, huitwa mvivu. Akizidi huitwa jeuri. Akizidi zaidi husemwa kafungwa na watu. Kila jina huja na tiba yake, na tiba isiyolingana na ugonjwa ni madhara juu ya madhara.

Dhoruba iliyotoka jukwaani

Mwaka 1904 mwanasaikolojia wa Kimarekani G. Stanley Hall, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Clark, alichapisha kitabu cha juzuu mbili juu ya rika la balehe. Ni kitabu hicho kilicholifanya rika hilo kuwa somo la elimu linalojitegemea. Hall alilieleza kuwa ni wakati wa dhoruba, ambapo kijana hupanda na kushuka baina ya furaha na huzuni, baina ya bidii na uzembe, na hapana budi apite humo ili awe mtu mzima. Maneno aliyoyatumia hakuyabuni yeye. Aliyaazima kutoka katika harakati ya fasihi ya Kijerumani ya miaka ya 1770 iliyoitwa Sturm und Drang, ambayo nayo ilipata jina lake kutokana na tamthilia ya Friedrich Maximilian Klinger ya mwaka 1776.

Elimu ya vijana, basi, ilianza na tafsiri, na tafsiri yenyewe ilipoteza kitu njiani. Drang kwa Kijerumani ni msukumo wa ndani, hamu inayomtaka mtu atoke akatende. Lilipoingia katika Kiingereza liligeuzwa kuwa stress, neno lenye asili ya kubana na kukaza. Hamu ikafasiriwa kwa dhiki. Aliyefasiri hakukusudia utabiri wowote, lakini elimu iliyofuata ilikwenda mkondo huo huo: kwa miaka mingi ilimtazama kijana kwa upande wa yale yanayombana, na ikachelewa kuuliza ni kitu gani anachokitamani.

Dhana ya Hall haikukosa wapinzani. Mwaka 1928 Margaret Mead, baada ya kukaa miezi kadhaa katika visiwa vya Samoa, aliandika kwamba mabinti wa huko huupita umri huo bila ya dhoruba, na kwamba dhoruba ni zao la jamii wala si la mwili. Mwaka 1983 Derek Freeman aliikosoa kazi hiyo vikali, na ubishi wao haujaisha hadi leo. Jeffrey Arnett, alipolipima suala zima mwaka 1999, alifikia uamuzi wa kati: misukosuko huwa mingi zaidi katika rika hili kuliko marika mengine, ila si kila kijana huipata, na utamaduni una sauti kubwa katika kuizidisha au kuipunguza. Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa hivyo. Jando na unyago, kungwi na somo, vilikuwapo kwa sababu ilieleweka kwamba umri huu haufai kuachwa ujiendee wenyewe. Mwari aliwekwa ndani, akafunzwa, kisha akatolewa mbele ya watu. Alikuwa na mtu aliyepewa jukumu la kumvusha, na siku ya kujulikana kwamba amevuka.

Mji mmoja, njia mbili

Neno dhiki limetujia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni ufinyu: mahali pembamba, kifua kilichobana. Faraja nayo ni ya Kiarabu, na asili yake ni kufunguka. Kwa hiyo tunaposema baada ya dhiki faraja, twasema kwa picha kwamba palipobana patafunguka. Neno la Kiingereza lililotajwa hapo juu lina picha ile ile ya ufinyu, kutoka Kilatini. Lugha mbili zisizo na undugu zililiona jambo hili kwa jicho moja muda mrefu kabla ya maabara kujengwa.

Maabara zilipojengwa, wa kwanza kusikika alikuwa Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard. Katika kitabu chake cha mwaka 1915 alieleza jinsi mwili unavyojiandaa mbele ya hatari: adrenalini humwagika, moyo huenda mbio, damu huacha tumbo na kukimbilia misuli, ili mnyama apigane au akimbie. Kwa Cannon maandalizi hayo ni rehema, maana ndiyo yanayomwokoa kiumbe. Upande wa pili wa jambo ulioneshwa na Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Montreal nchini Kanada. Akiwa Chuo Kikuu cha McGill alikuwa akiwadunga panya majimaji ya ovari akitafuta homoni mpya. Alipowapasua alikuta mambo matatu: tezi zilizo juu ya figo zimevimba, tezi ya thaimasi iliyo kifuani imenywea, na tumbo lina vidonda. Alidhani ameipata homoni yake, hadi alipogundua kwamba dutu nyingine yoyote yenye madhara, na hata baridi na majeraha, huleta mambo yale yale matatu. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature akieleza kwamba mwili una jibu moja kwa maudhi mengi, na kwamba jibu hilo lina hatua tatu: kushtuka, kustahimili, na mwishowe kuchoka. Ngao inayobebwa bila ya kutuliwa humuumiza mbebaji wake.

Miaka 18 baadaye, katika chuo hicho hicho cha McGill, ilifunguliwa njia ya pili. James Olds na Peter Milner walikuwa wakipenyeza waya mwembamba wa umeme katika ubongo wa panya ili wachunguze sehemu inayohusika na kuamka. Katika panya mmoja waya ulikosea njia ukatua mahali pengine. Panya huyo, badala ya kukimbia pale juu ya meza alipopata mshtuko mdogo wa umeme, akawa anaparudia tena na tena. Walipompa kibonyezo ili ajitie umeme mwenyewe, yeye na wenziwe walikibonyeza mamia ya mara kwa saa. Makala yao yalitoka mwaka 1954. Ulimwengu ukajua kwamba ubongo una sehemu ambazo, zikiamshwa, kiumbe hutaka kuamshwa tena. Mnamo 1957 na 1958 Arvid Carlsson wa Uswidi alionesha kwamba dopamini, ambayo hapo awali ilidhaniwa kuwa ni malighafi tu ya kemikali nyingine, ina kazi yake yenyewe katika ubongo. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Kidogo kidogo ilifahamika kwamba njia aliyoikuta panya wa Montreal hupita kwa kiasi kikubwa katika neva za dopamini.

Hivi ndivyo mji mmoja ulivyozaa elimu mbili, ya dhiki na ya tuzo, na kwa muda mrefu ndugu hawa wawili hawakuzungumza. Waliosoma dhiki walipima damu na tezi. Waliosoma tuzo walihesabu mibonyezo. Daraja la kwanza lilijengwa mwaka 1968, pale Bruce McEwen wa New York na wenzake walipoonesha kwamba homoni ya dhiki inayotoka katika tezi za juu ya figo huingia ubongoni na kushikwa na seli za hipokampasi, sehemu ambayo kumbukumbu huitegemea. Dhiki haikuwa tena habari ya tumbo na tezi peke yake. Ilikuwa imeingia chumbani mwa akili.

Utamu usiotamaniwa

Mwanafalsafa Mfaransa Théodule Ribot alikuwa ameshaunda, mwaka 1896, neno la kumtaja mtu asiyeonja raha: anhedonia. Neno lilikaa vitabuni kwa miongo mingi kama dalili mojawapo katika orodha ndefu za madaktari. Lililolitoa vitabuni ni sukari. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Richard Katz aliona kwamba panya waliopitishwa katika mateso ya mfululizo huacha kuvutiwa na maji matamu. Mwaka 1987 Paul Willner na wenzake huko London walilainisha mateso hayo hadi yakafanana na maudhi ya kila siku: kibanda kilichoinamishwa, malazi yenye unyevu, taa zinazowaka na kuzimwa bila ya utaratibu, jirani mgeni. Hakuna hata moja katika hayo linaloweza kuitwa msiba. Hata hivyo, baada ya wiki kadhaa za maudhi yasiyotabirika, panya waliacha kuyapendelea maji ya sukari, na walipopewa dawa za sonona kwa wiki kadhaa, upendeleo huo ulirudi. Ndugu wawili wa Montreal walikuwa wamekutana tena, juu ya kikombe cha maji matamu.

Lakini ni kitu gani hasa kilichokufa kwa panya hao: ladha au hamu? Swali hili lilimshughulisha Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan. Panya akionjeshwa sukari, hulamba midomo kama afanyavyo mtoto mchanga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Berridge na wenzake walikuta kwamba panya aliyeondolewa takriban dopamini yote ya njia ile bado hulamba midomo sukari ikitiwa kinywani mwake. Ila hatoki kwenda kuitafuta, hata kama itamlazimu afe njaa. Ladha ipo, na hamu haipo. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili halihitaji maelezo marefu, kwani kupenda na kutamani ni vitenzi viwili kwetu, na anayekata tamaa hatukumwambia kwamba amekata ladha.

Baada ya hapo alikuja Wolfram Schultz, aliyekuwa akifanya kazi Fribourg nchini Uswisi. Alisikiliza seli za dopamini za nyani mmoja mmoja wakati wakipewa tone la maji ya matunda. Mwanzoni seli zililipuka tone lilipofika. Nyani alipokwisha kujifunza kwamba taa hutangulia tone, seli zililipuka kwa taa, na tone lenyewe halikuzisisimua tena. Na taa ikiwaka kisha tone lisije, seli zilinyamaza kabisa katika sekunde ile ile ambayo tone lilitarajiwa. Makala aliyoyaandika na Peter Dayan na Read Montague mwaka 1997 yalitoa tafsiri: dopamini hupima tofauti baina ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Ni hesabu ya matarajio, na kwa hesabu hiyo kiumbe hujifunza ni juhudi ipi yenye faida na ipi isiyo na faida.

Hapo ndipo dhiki na hamu zinapogusana kwa karibu. Kijana ambaye taa humuwakia kila siku na tone haliji, aliyesoma akafeli kwa kukosa mwalimu, aliyeahidiwa akasahauliwa, aliyefanya kazi asilipwe, naye hujifunza. Anachojifunza ni kwamba hakuna haja ya kunyoosha mkono.

Mbwa wa Pennsylvania

Habari inayobeba uzito mkubwa zaidi katika historia hii ilianza katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wakiwa bado vijana, walieleza jaribio lililofanywa kwa mbwa. Kundi la kwanza lilipigwa umeme, ila mbwa aliweza kuuzima kwa kusukuma kibao kwa kichwa chake. Kundi la pili lilipigwa umeme ule ule, kwa muda ule ule, lakini kila walilofanya halikubadilisha kitu. Umeme ulizimika pale tu mwenzao wa kundi la kwanza alipouzima. Kundi la tatu halikupigwa. Siku ya pili wote waliwekwa katika sanduku ambalo ili kuukimbia umeme yatosha kuruka kizuizi kifupi. Makundi ya kwanza na ya tatu waliruka. Wengi wa kundi la pili walijaribu kidogo, kisha wakalala chini wakaupokea.

Kipimo cha maumivu kilikuwa sawa kwa makundi mawili ya mwanzo. Kilichotofautiana ni uwezo wa kulifanyia jambo lolote. Watafiti hao waliiita hali hiyo unyonge wa kujifunza, na kwa nusu karne ilifundishwa kwamba mbwa wa kundi la pili walijifunza unyonge.

Maier hakutosheka. Aliingia katika elimu ya neva, akakaa miaka mingi na panya katika Chuo Kikuu cha Colorado, na mwaka 2016 yeye na Seligman waliandika makala ya kuipindua nadharia yao wenyewe. Unyonge, walisema, haujifunzwi. Mateso marefu huamsha seli za ndani kabisa ya shina la ubongo, na seli hizo humlaza kiumbe chini, bila ya somo lolote. Kinachojifunzwa ni kinyume chake: kwamba nina uwezo. Somo hilo huandikwa katika sehemu ya mbele ya gamba la ubongo, nayo ndiyo inayotuma amri ya kuzinyamazisha seli zile za shina. Kiumbe kisichowahi kupata somo hilo hakina wa kumzuilia unyonge.

Ni nadra kuona wanazuoni wakiligeuza jina walilopatia sifa, na mageuzi haya yanatuhusu. Lau unyonge ungekuwa umejifunzwa, ingetosha kumwambia kijana ausahau. Ikiwa ni uwezo ndio unaojifunzwa, basi kuna anayepaswa kumpa nafasi ya kujifunza, na swali linatugeukia sisi wakubwa.

Rika lenyewe

Imebaki kueleza kwa nini haya yote humwangukia zaidi kijana wa balehe. Mwaka 1999 Jay Giedd na wenzake nchini Marekani walichapisha picha za ubongo za watoto waliopigwa tena na tena walivyokuwa wakikua. Gamba la mbele lilinenepa hadi kiasi cha miaka 11 au 12, kisha likaanza kupunguka katika miaka iliyofuata, mithili ya mti unaopogolewa. Sehemu ile ile inayopaswa kuandika somo la uwezo ndiyo inayochelewa kukamilika. Upande wa hamu, kinyume chake, huwa macho: Adriana Galván na wenzake walionesha mwaka 2006 kwamba kiini cha ubongo kinachopokea tuzo huitika kwa nguvu zaidi kwa vijana wa balehe kuliko kwa watoto au watu wazima. Na upande wa dhiki, Russell Romeo alikuta kwamba panya wasiobalehe, wakibanwa kwa nusu saa, homoni yao ya dhiki huchukua muda mrefu zaidi kushuka kuliko ya wakubwa wao. Kijana, kwa maneno mengine, hubeba tanga kubwa kabla usukani haujafungwa sawasawa.

Tanga hilo likichanika, mambo huonekana wazi. Mwaka 2009 Erika Forbes na wenzake walilinganisha vijana wenye sonona na wenzao wasio nayo. Wenye sonona, wakishinda zawadi ya fedha katika mchezo, kiini chao cha tuzo kiliitika kwa unyonge. Na kadiri kilivyoitika kidogo, ndivyo kijana alivyoripoti furaha ndogo katika siku zake za kawaida nyumbani. Mtu kama huyu ukimwita mvivu, umemtukana mgonjwa.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Romania. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka mwaka 1989, dunia iliona vituo vilivyojaa maelfu ya watoto waliolishwa na kuvikwa lakini hawakupakatwa wala kuzungumzishwa. Mwaka 2000 Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza utafiti Bucharest kwa watoto 136 wa vituoni. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwa walezi wa majumbani, huduma ambayo wakati huo ilikuwa adimu nchini humo. Walipofika kiasi cha miaka 12, watoto waliobaki katika mpango wa vituo walipowekwa mbele ya jambo la kutia wasiwasi, kama vile kuhutubia watu wanaowapima, miili yao haikushtuka inavyotakiwa. Kortizoli haikupanda na moyo ulikuwa mzito. Ngoma iliyopigwa mno ilikuwa imelegea. Waliopata walezi mapema, hasa kabla ya miaka 2, walikaribiana na watoto waliolelewa na wazazi wao. Uchunguzi wa baadaye wa watoto hao hao, uliotolewa mwaka 2018, ulionesha pia kwamba malezi ya kituoni yaliharibu uwezo wa kujifunza kutokana na tuzo, na kwamba upungufu huo ulikuwa njia mojawapo ya kuelekea kwenye sonona katika ujana.

Msomaji asikate tamaa kwa habari hii, kwani kuna nyingine. Mwaka 2019 Megan Gunnar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitoa matokeo juu ya vijana waliotolewa katika vituo vya nchi mbalimbali wakiwa wadogo na kulelewa katika familia za Marekani. Kabla ya balehe mwili wao uliitikia dhiki kwa ulegevu ule ule wa Bucharest. Balehe ilivyoendelea, na wakiwa wamekwisha kukaa miaka mingi katika nyumba zenye matunzo, mwitiko wao ulijirekebisha ukafanana na wa wenzao. Mlango uliodhaniwa kufungwa utotoni ulifunguka tena. Rika la balehe ni rika la hatari, na pia ni rika la kuandikwa upya. Na kwa kuwa uandishi huo hufuata hali ya nyumba ya wakati huo, yamkini nyumba yenye dhiki nayo itaandika ya kwake.

Faraja hutoka wapi

Yapo mambo mawili ya kutahadhari nayo. Kwanza, sehemu kubwa ya elimu hii imejengwa juu ya panya na juu ya vijana wa Marekani na Ulaya, na tafiti nyingi za picha za ubongo zilihusu watu wachache. Tangu mwaka 2016 Marekani inawafuatilia watoto zaidi ya 11,000 walioanza wakiwa na miaka 9 na 10, ili majibu yasimame juu ya msingi mpana. Lakini hao nao ni wa Marekani. Pili, dopamini isifanywe jini jipya. Kusema kemikali imepungua hakutuondolei wajibu wa kuuliza ni nini kiliipunguza.

Kuhusu nini kinachorudisha hamu, nitataja tafiti mbili tu. Mwaka 2014 Eva Telzer na wenzake waliwafuatilia vijana wachache kwa mwaka mmoja. Wale ambao kiini chao cha tuzo kiliitika zaidi walipotoa fedha kwa ajili ya familia zao, dalili zao za sonona zilipungua. Wale ambao kiliitika zaidi kwa bahati nasibu na raha ya nafsi peke yake, dalili ziliongezeka. Utafiti ni mdogo, nao haupaswi kubebeshwa mzigo mkubwa. Hata hivyo unaashiria kwamba aina ya tuzo ina maana, na kwamba kijana anayehitajika na watu wake anapata kitu ambacho anayeburudishwa tu hakipati.

Utafiti wa pili ni wa jirani zetu wa Kenya, na jina lake ni la Kiswahili: Shamiri. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Wanafunzi 413 wa shule nne za sekondari, wenye dalili za sonona au wasiwasi, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kusoma. Kundi la pili lilikutana mara nne, mara moja kwa wiki, chini ya uongozi wa vijana waliotoka shuleni karibuni na kupewa mafunzo mafupi, likazungumza juu ya mambo matatu: kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika, kwamba kuna mema ya kushukuriwa, na kwamba kila mmoja ana maadili anayoweza kuyatenda leo. Dalili zilipungua zaidi katika kundi hili la pili. Hapakuwa na dawa, wala kitanda cha hospitali. Kilichotolewa ni kile ambacho Maier na Seligman walikisema baada ya miaka hamsini: somo la uwezo, likitoka kinywani mwa mtu aliyetangulia hatua chache tu. Wazee wetu wangemtambua mtu huyo. Wangemwita somo.

Haya hayafuti haja ya tabibu. Yupo kijana ambaye maradhi yake yanahitaji dawa na wataalamu, na kumficha nyumbani kwa kuogopa maneno ya watu ni kumdhulumu. Lakini walio wengi zaidi ni wale walio njiani, ambao uzi wao haujakatika, umechakaa. Methali ya dhiki na faraja tumezoea kuisoma kama ahadi ya muda: subiri, yatapita. Panya wa Willner hawakurudishiwa hamu na subira, na mbwa wa kundi la pili hawakuinuliwa na muda. Seligman na wenzake walieleza mwaka 1968 jinsi walivyowaponya mbwa hao: waliwafunga kamba shingoni na kuwavuta kuvuka kizuizi, mara nyingi, hadi walipoanza kuruka wenyewe. Kwa hiyo tunapomkuta kijana kalala chini mbele ya kizuizi kifupi, swali la kujiuliza si kwa nini haruki. Ni nani aliyewahi kumvusha.